Chausiku na kreti la nyanya: shajara ya siku 75

Siku ya 1. Jumamosi, 3 Mei 2025

Mvua ya jana usiku imeondoka na watoto wawili wa Chausiku, paka wa uani kwetu. Walikuwa wanne, wana wiki tano. Aliwazalia kwenye stoo ya mkaa nyuma ya choo, na mtaro ulipofurika maji yakaingia humo kabla hajamaliza kuwahamisha. Asubuhi nimemkuta juu ya ukuta na wawili waliobaki, dume la rangi ya chungwa na jike la madoadoa kama mama yake. Wale wengine nimewazika chini ya mpapai.

Huu ni uzazi wake wa pili tangu nihamie nyumba hii ya Ngamiani, nami nina miezi minane tu hapa. Nimeamua apelekwe akafungwe kizazi kabla hajabeba mimba nyingine. Ndiyo mradi wenyewe. Naandika ili nisijidanganye baadaye kuhusu nilivyoufanya.

Kikwazo ni kimoja: hashikiki. Hakuna mtu nyumba hii aliyewahi kumgusa. Jina kapewa na mama mwenye nyumba, kwa sababu haonekani mpaka taa ya uani izimwe. Mfuniko wa sufuria ukidondoka, hatumwoni tena mpaka kesho yake. Kaka yangu wa Dar ananiambia kwa simu, "Mkamate umtie kwenye begi, shida iko wapi?" Yeye anafuga paka wa kulala kitandani.

Siku ya 3

Nimekwenda kwa daktari wa mifugo. Tanga ni mji wa maziwa, kwa hiyo benchi lilijaa watu wenye habari za viwele na kupe. Mimi peke yangu nilikuwa na kesi ya paka, tena paka asiye wangu. Daktari ni mama wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza maswali mawili tu: watoto wana umri gani, na unaweza kumfungia mahali?

"Wiki tano. Na hapana, siwezi."

"Basi kazi yako ni hiyo ya pili, mwanangu. Yangu mimi ni chini ya saa moja."

Anataka watoto wafike wiki nane na waache kunyonya, lakini nisizidishe hapo, maana jike anaweza kupandwa tena maziwa hayajakauka vizuri. Nikamuuliza mbona huyu hapumziki, kila ukigeuka ana tumbo. Akanieleza jambo ambalo sikulijua: joto la paka jike huamshwa na urefu wa mchana. Kwenye nchi za baridi mchana ukifupika majike hutulia kwa miezi kadhaa. Sisi hapa tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote vinatofautiana kwa kama nusu saa hivi. Mwili wa Chausiku haupati kamwe ile habari ya kwamba msimu umekwisha. Asipobeba, joto hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Akibeba, ni siku 63 hivi, kisha mwanzo tena.

Kanipa Jumatatu ya tarehe 26 Mei. Kanipa na masharti ya boksi: liwe na matundu ya kupitisha sindano, liwe na kibao cha kumsogezea paka pembeni, na nijue uzito wake likiwa tupu. "Sitamtoa akiwa macho. Namchoma humo humo. Ng'ombe akikasirika unamwona anavyojiandaa. Paka hakupi nafasi hiyo."

Siku ya 5

Kwanza nilifikiria tenga la kuku, kwa kuwa liko na ni la bure. Mama mwenye nyumba akaniambia jirani aliwahi kumtia paka kwenye tenga, akatoka na nusu ya tenga shingoni. Nikaachana nalo.

Nimenunua makreti mawili ya plastiki ya nyanya sokoni, yaliyotumika. Moja nimelipindua juu ya jingine nikayabana kwa waya wa kufungia nondo, ncha zote nikazikunja kwa nje. Upande mmoja nimeukata mlango, na mlango wenyewe ni kipande cha plaiwudi kinachoteremka kwenye reli mbili za mbao, kimefungwa uzi wa nailoni mrefu wa kufika mpaka kwenye kiti changu. Plaiwudi ya pili ndiyo kibao cha kusogezea: naichomeka ubavuni na kuisukuma taratibu. Mimi ni fundi cherehani, si seremala, na inaonekana. Lakini halitikisiki wala halilii unapolisukuma, na hilo ndilo nililolitafuta kuliko urembo.

Nimetandika mabaki ya kanga na vipande vya suti ya shule. Vitambaa nilivilaza kwanza usiku mzima juu ya magunia ya mkaa anapolala.

Siku ya 6 mpaka ya 14

Sahani ya uono kila siku saa 3 usiku, taa imezimwa, kijiko kinagonga kisahani mara tatu. Siku mbili za kwanza sahani ilikaa hatua nne kutoka kwenye kreti. Kisha tatu. Kila siku nasogeza kiasi cha kiganja, si zaidi. Nikisogeza viganja viwili haji, nimejaribu, nikapoteza siku nzima.

Mlango nimeufunga juu kwa waya ili usije ukateremka kwa bahati mbaya. Ukimwangukia mara moja tu, kreti hili nitakuwa nimelitengeneza bure.

Jambo nililoligundua bila kulitafuta: cherehani haimtishi. Ameizoea kuisikia kutoka barazani. Basi nikiwa nashona usiku anakula kwa utulivu, nikiacha tu, masikio yanasimama. Ukimya wangu ndio unaomwogopesha. Nimemaliza oda tatu za sare kabla ya wakati.

Siku ya 8 (naiandika kando)

Mama mwenye nyumba hakuupenda mradi. "Mwanangu, kumkata kizazi kiumbe cha Mungu kwa kuwa anakusumbua wewe?" Kwa mila za nyumba hii paka ana heshima yake, sahaba wa Mtume aliitwa Abu Huraira kwa ajili ya paka, na paka wa nyumba hafukuzwi. Sikubishana naye. Nilimwonyesha tu chini ya mpapai udongo ulipo mbichi. Hakujibu. Ila jioni nikamsikia anawafukuza watoto wa jirani wasicheze mpira uani saa ya chakula cha Chausiku.

Siku ya 19

Kaingiza kichwa na mabega. Miguu ya nyuma iko nje, imekunjwa, tayari kurudi kinyumenyume.

Siku ya 23

Bado vilevile. Miguu ya nyuma nje. Kesho ni tarehe 26.

Siku ya 24

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa 11 alfajiri mpangaji mwenzangu aliniambia yeye amekulia shamba, paka anakamatwa kwa kiroba, dakika moja imekwisha. Nami nilikuwa nimeshaomba ruhusa ya kuchelewesha kazi ya mteja, bajaji nimeshaiambia saa 2. Nikakubali. Tulimbana kwenye kona ya stoo. Yeye akatupa kiroba, mimi nikashika.

Sijui alitokaje. Najua alijikojolea, najua alitoa sauti ambayo sikudhani mwili mdogo vile unaweza kuitoa, na najua meno yalizama kwenye nyama ya kidole gumba cha kushoto mpaka nikayasikia yanakutana. Kisha alikuwa juu ya bati, kisha hayupo.

Nimeosha kwa sabuni chini ya bomba linalotiririka dakika 15, kwa saa ya simu. Watu wa uani wanacheka, "unafua kidole?" Ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa kichaa cha mbwa kiko na kwa paka pia. Kisha hospitali: sindano ya kwanza ya kichaa, ya pepopunda, na vidonge vya antibayotiki, maana jino la paka ni jembamba, linapeleka uchafu ndani halafu ngozi inajifunga juu yake. Muuguzi kaniuliza, paka yuko wapi? Anatakiwa kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima baada ya hizo, hakuwa na kichaa alipouma.

Paka yuko wapi? Hilo ndilo swali.

Bajaji nimeilipa kwa kuja bure. Daktari nimempigia. Hakunigombeza, kasema, "Ungenipigia jana, tungesogeza siku kumi tu."

Siku ya 28

Karudi. Saa 8 usiku, juu ya ukuta, kakonda. Watoto wamemkimbilia, kawafokea, kisha kawalamba. Nilimtazama kwa pembe ya jicho, nikaendelea kukanyaga cherehani bila uzi.

Siku ya 29 mpaka ya 37

Mwanzo tena. Si hatua nne kutoka kwenye kreti, ni kumi. Siku nyingine sahani inaliwa na nunda asiyejulikana na mimi nagonga kijiko bure. Vitambaa vya ndani nimevibadilisha vyote, kwa kuwa nilivishika siku ile nikiwa na harufu ya kiroba.

Siku ya 34 zimetimia siku 10 tangu aniume, naye yuko mzima. Muuguzi kaandika kwenye kadi.

Siku ya 39 mpaka ya 41

Hatulali. Kuna shume mmoja, paka dume wa mtaani, mwenye kichwa kama ngumi na sikio lililochanika, anatokea upande wa msikitini na kulia juu ya bati mpaka alfajiri. Chausiku naye anajibu. Anajibingirisha kwenye vumbi, yeye ambaye hajawahi kukaa mahali peupe. Nimewamwagia maji mara mbili. Mama mwenye nyumba kanichungulia dirishani, "Waache, umechelewa."

Siku ya 46

Mabega tena.

Siku ya 52

Miguu yote minne ndani! Sekunde chache tu, nilihesabu mpaka sita. Mkono ulitaka kuvuta uzi wenyewe. Nikaukalia.

Siku ya 56

Siku ya nne mfululizo anakula mpaka mwisho akiwa ndani, mgongo kwa mlango. Jana nimeanza kuuteremsha mlango nusu na kuupandisha akiwa anakula, taratibu kama kushusha pazia. Mara ya kwanza alitoka. Leo kainua kichwa tu. Daktari kanipa Jumatatu, 30 Juni.

Kuna fumbo nililolihangaikia wiki nzima: asubuhi ya upasuaji anatakiwa awe hajala usiku kucha, ili asitapike akiwa usingizini chakula kikaingia kwenye mapafu. Sasa utamvutaje paka kwa chakula ambacho hatakiwi kukila? Jibu ni kumkamata usiku wa kuamkia, kwenye mlo wake wa kawaida wa saa 3, kisha alale humo humo. Ukilijua ni jepesi. Mimi nilikuwa napanga kumkamata alfajiri, kwa hasira na haraka zilezile za siku ya 24.

Siku ya 58, usiku

Kreti tupu nimelipima dukani kwenye mizani ya mchele: kilo 3.4.

Saa 3 na dakika 10 kijiko mara tatu. Kaingia. Uono nusu ya kawaida. Nikakanyaga cherehani kwa mguu, mkono wa kulia kwenye uzi. Mlango ukateremka, ukagusa chini, nikaubana kwa waya. Kageuka mara moja, kagonga plaiwudi kwa kichwa, mara mbili, basi. Nilikuwa nimeshafika na kufunika kreti zima.

Kanga ya kufunikia kanipa mama mwenye nyumba mwenyewe, kaivua kwenye kamba. Imeandikwa: Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Giza lilipomfunika akanyamaza. Kreti liko chumbani kwangu, watoto wake wako uani na wanakula wenyewe. Silali.

Siku ya 59. Jumatatu, 30 Juni

Bajaji saa 2, kreti mapajani, si kwenye kiti. Nilimwomba dogo azime muziki, akazima bila kuuliza, akaendesha kama amebeba mayai. Kliniki wakanipitisha mlango wa nyuma ili nisikae benchi moja na mbwa.

Mizani: kilo 6.2. Toa 3.4. Chausiku ana kilo 2.8, huyu aliyetutikisa nyumba nzima.

Daktari kachungulia chini ya kanga, kashusha. "Nikifungua nikakuta ana mimba, nifanyeje?" Nikajibu haraka, "Endelea," kama mtu anayeulizwa chai ya maziwa au ya rangi. Kasukuma kibao, Chausiku kabanwa ubavuni bila kuumizwa, sindano ikapita kwenye tundu la kreti ikaingia pajani. Sekunde tatu. Kanga ikarudishwa. Baada ya dakika kama nane kichwa kikalala juu ya vipande vya suti ya shule.

Nikaruhusiwa kusimama mlangoni. Wahenga wanasema paka hakubali kulala chali. Huyu alikuwa chali, miguu minne imefungwa kwa bendeji kwenye pembe za meza, macho wazi kabisa. Dawa ile haifumbi macho, kwa hiyo wanayapaka mafuta maalumu yasikauke. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama usoni bila yeye kukimbia. Ana doa jeusi chini ya kidevu. Nikatoka nje.

Daktari alikuja akifuta mikono. Kazi imekwenda vizuri, katoa ovari na mfuko wa uzazi. Kachomwa na chanjo ya kichaa na dawa ya maumivu, na ncha ya sikio la kushoto imekatwa kidogo, ili siku nyingine mtu akimkamata ajue kwamba tayari, asimpasue tena bure.

"Alikuwa nayo," akasema. "Changa. Kama siku 18 hivi. Vinne, vidogo kama kunazi."

Sikuhitaji kalenda. Ni usiku wa shume. Na ule wa shume ulikuwa wiki mbili na ushee baada ya kiroba. Siku ya 24 alikuwa ameshaingia mabega. Ningepiga simu moja kusogeza siku kumi, angekuwa amepona kabla yule mwenye sikio lililochanika hajapanda bati. Watu watasema nilichelewa kwa sababu nilikuwa napoteza muda na vijiko na visahani. Muda niliupotezea kwenye kiroba, dakika ile moja.

Mshono nimeuona. Urefu kama wa kifundo cha kidole, umepitishwa ndani kwa ndani, fundo limefichwa, uzi ni wa kuyeyuka wenyewe, kwa hiyo hakuna kumkamata tena kwenda kutoa nyuzi. Mimi nashona tangu nina miaka kumi na sita, na pindo safi kama lile nimeliona mara chache.

Siku ya 59, usiku

Kreti chumbani, giza, chupa ya maji ya uvuguvugu imezungushiwa kanga pembeni yake, kwa sababu usingizi wa dawa unashusha joto la mwili. Kichwa kinayumba kama mlevi. Hakuna chakula mpaka asimame sawasawa. Jirani mwema kaleta nusu ya Panadol, "maskini anaumia." Nimeshukuru na kuiweka mfukoni, kisha chooni. Daktari alinionya mara mbili: ini la paka haliwezi kuivunja, inaharibu damu yake, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Nimezunguka vyumba vyote sita kuwaambia.

Siku ya 61

Kakaa siku mbili chini ya meza ya cherehani. Kala, kanywa, mshono mkavu. Nimefungua mlango saa 4 usiku nikatoka mimi kwanza. Baada ya robo saa kivuli kikapita.

Siku ya 66

Anakuja kula. Sahani hatua tatu nje ya kreti, karibu zaidi hapana. Hajaingia tena humo na sidhani ataingia. Shume alikuja juzi, akalia peke yake saa nzima, akaondoka.

Siku ya 75

Chausiku ameanza kunenepa mgongoni. Dume la chungwa limechukuliwa na mama muuza vitumbua wa mtaa wa pili, atamleta kwa daktari mwenyewe, anabebeka.

Yule jike mdogo amebaki. Ana miezi mitatu na nusu sasa, na daktari kasema asivuke mitano. Naye hashikiki, kafundishwa na mama yake. Leo saa 3 usiku nimegonga kijiko mara tatu na kuweka uono mlangoni mwa kreti. Kaingia mpaka kiunoni, kala, hakutazama nyuma. Mama yake alikuwa juu ya ukuta, anaangalia.

Mlango bado nimeufunga juu kwa waya.